Nani Anaendesha Mlimani?

Noti ya shilingi 500 ya toleo la mwaka 2010, ile yenye sura ya Mzee Karume, ilikuwa na picha ya Ukumbi wa Nkrumah upande wa nyuma. Noti yenyewe ilichakaa upesi kwa kupita mikono mingi, na mwaka 2014 Benki Kuu ikaleta sarafu kushika nafasi yake. Lakini kwa miaka ile michache, kila konda wa daladala jijini alikuwa ameubana ukumbi maarufu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katikati ya vidole vyake.

Jengo lile linajulikana nchi nzima. Namna chuo kinavyoendeshwa ni habari nyingine, na wengi huisikia pale tu unapozuka mgomo, au mzazi anapopigiwa simu na mwanawe kwamba bumu limechelewa. Anayeifuatilia habari hiyo tangu 1961 ataona swali moja likirudi kila baada ya miaka kadhaa: ni nani hasa mwenye neno la mwisho pale Mlimani? Chama, Serikali, maprofesa, wafadhili, au Hazina? Jibu limebadilika zaidi ya mara moja, na kila lilipobadilika, chuo nacho kilibadilika, kuanzia ukumbi wa Baraza hadi jikoni.

Kwa asiyewahi kukanyaga Mlimani, ngazi zenyewe ziko hivi. Juu kabisa yuko Mkuu wa Chuo, cheo cha heshima ambacho mwaka 2016 alikabidhiwa Rais mstaafu Jakaya Kikwete. Yeye hutunuku shahada siku ya mahafali, ila humkuti ofisini akiidhinisha malipo. Mwendeshaji wa kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo pamoja na manaibu wake. Mali, fedha na ajira ziko chini ya Baraza la Chuo. Mitaala, mitihani, nani kafaulu na nani kadisko, hayo ni ya Seneti. Kisha zinakuja ndaki zenye marasi wake, shule kuu, taasisi, na mwisho idara, mahali ambapo kazi yenyewe hufanyika. Katika karatasi, mpangilio huu unaeleweka vizuri. Vurugu huanza pale mtu aliye nje ya karatasi hiyo anapotoa uamuzi.

Na kwa miaka mingi, maamuzi makubwa yalitoka nje.

Chuo kilizinduliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU pale Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 14, na kilitoa shahada kwa mwavuli wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata kikahamia kwenye kilima ambacho kimekipa jina la mtaani hadi leo. Mlimani ni mbali na mjini kwa makusudi kabisa: majengo marefu, upepo wa bahari, miti. Haikuchukua muda wanasiasa wakaanza kuwaangalia wakazi wa kilima kile kwa jicho la wasiwasi.

Oktoba 1966 wasiwasi huo ulilipuka. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wote wapitie Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa muda mrefu wa utumishi huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, na bango lao moja lilisema afadhali wakati wa mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza papo hapo. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao. Kwa kuwa wanafunzi walilalamikia pia mishahara ya wakubwa, naye akajikata asilimia 20 ya mshahara wake.

Kisa hiki husimuliwa sana kama kisa cha Mwalimu na vijana wenye kiburi. Kinachosahaulika ni upande wa utawala. Adhabu nzito kuliko zote ambazo chuo kinaweza kutoa ilitolewa Ikulu, na haikupitia Seneti wala kamati ya nidhamu. Utaratibu ulikuwepo, ila siku hiyo haukuhitajika.

Vyuo vitatu vilipoachana Julai 1970 na kila nchi kubaki na chake, Dar es Salaam ilimpata Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza kwa jina la Pius Msekwa, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtendaji wa juu wa TANU na baadaye angekuwa Spika wa Bunge. Aliyemfuata, Ibrahim Kaduma, alitoka kwenye uwaziri. Wa tatu, Nicholas Kuhanga, naye alitoka Baraza la Mawaziri. Kwa hiyo kwa miaka 18 mfululizo kiti kile kilikaliwa na watu walioletwa na siasa. Si kwamba hawakuwa na uwezo. Msekwa aliujua utumishi wa umma kuliko maprofesa wengi waliokuwa chini yake. Tatizo ni kwamba kila mhadhiri na kila mwanafunzi alijua bosi anaripoti wapi.

Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi akilalamikia utawala wa mabavu. Alikamatwa chuoni na askari wa kutuliza ghasia, akarudishwa kwao. Wanafunzi wakagoma. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaamuru kwamba kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Kwanza afanye kazi walau miaka miwili, kisha apate pendekezo la mwajiri. Lilikuwa wazo lenye mantiki yake, lakini tujaribu kumfikiria msajili wa chuo asubuhi iliyofuata, mwenye fomu za waombaji mezani na mwaka wa masomo ujao usiojulikana utajazwa na nani. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, na mamia wakafukuzwa. Chama chao, DUSO, kikafutwa. Mahali pake pakawekwa MUWATA, kilichokuwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala.

Hata hivyo, haifai kuichora enzi hiyo kwa mkaa mtupu. Ni katika miaka hiyohiyo ya amri kwamba Mlimani ilikuwa moja ya sehemu zilizochangamka zaidi kifikra barani. Walter Rodney alifundisha pale. Issa Shivji alianza kuandika akiwa pale, na Mahmood Mamdani alifundisha pale miaka ya 1970. Watu walibishana usiku kucha juu ya matabaka na ubeberu. Chuo kinaweza kuwa na utawala wa kibabe na mijadala mikali kwa wakati mmoja, ilimradi kuna fedha za kutosha na walimu wanaamini kazi yao ina maana.

Miaka ya 1980 fedha zikaisha. Shilingi ilianguka, na mshahara wa mhadhiri ukawa haufiki tarehe 15. Maktaba ikaacha kupokea majarida mapya. Wasomi waliokuwa na nafasi ya kuondoka wakaenda Botswana, Lesotho, Ulaya; waliobaki wakafuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba za chuo, au wakatafuta kazi za ushauri kwa wafadhili. Benki ya Dunia nayo ilikuwa ikizishawishi serikali za Afrika kwamba shilingi inayowekwa kwenye shule ya msingi inazaa kuliko inayowekwa chuo kikuu. Kitivo cha kilimo kule Morogoro kiliondoka mwaka 1984 na kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine. Waliobaki Mlimani walikuwa na majengo yanayovuja na hasira nyingi.

Hasira hizo zilifika kileleni mwaka 1990. Aprili, jumuiya ya wanataaluma, UDASA, pamoja na jumuiya za vyuo vingine, walitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wasomi kwa jamii. Mei, baada ya wanafunzi kugoma kuingia madarasani, Serikali ilikifunga chuo kizima. Kilifunguliwa mwanzoni mwa 1991. Makamu Mkuu wa Chuo wakati huo alikuwa Geoffrey Mmari, profesa wa kwanza kukikalia kiti hicho baada ya wanasiasa watatu. Ukitazama kwa mbali ni kejeli ya historia: msomi alipopewa usukani, gari lilikuwa limekwishaishiwa mafuta. Mmari baadaye alikwenda kuanzisha Chuo Kikuu Huria, akawa Makamu Mkuu wake wa kwanza, na huko aliacha alama ya kudumu.

Mrithi wake Mlimani alikuwa Matthew Luhanga, mhandisi wa umeme. Alikaa miaka 15, kuanzia 1991 hadi 2006, na ni miaka hiyo ambayo wataalamu wa uendeshaji wa vyuo barani Afrika huirejea wanapotaka mfano.

Alichofanya Luhanga kinaweza kuelezwa kwa sentensi moja: alihakikisha chuo kinaandika mpango wake chenyewe kabla mtu mwingine hajakiandikia. Utekelezaji wa sentensi hiyo ulimaliza muongo mzima. Kwanza ulifanyika uchunguzi wa ndani, wa kuuma. Ilionekana kwamba wafanyakazi waendeshaji, yaani wapishi, wafagiaji, walinzi, madereva, makarani, walikuwa wengi kuliko wahadhiri, na kwamba wanafunzi walikuwa wachache mno kwa idadi ya walimu waliokuwepo. Chuo kikubwa kuliko vyote nchini kilikuwa na wanafunzi elfu chache tu. Sehemu nono ya bajeti ilikuwa haiendi kwenye kufundisha. Ilikwenda kulisha na kulaza.

Ukazaliwa mpango mkakati, na programu ya mageuzi iliyopewa jina la UDSM 2000. Ukaundwa utaratibu wa kuwaita kila mwaka Serikali na wafadhili mezani, wakaoneshwa kilichotekelezwa na kilichokwama. Jambo hilo linaonekana dogo. Lakini zamani mfadhili wa Kijerumani aliongea na wahandisi, wa Kiswidi akaongea na watafiti, Mholanzi na idara yake, na uongozi wa juu ukajua mwishoni. Sasa wote walikaa chumba kimoja wakiwa na waraka mmoja mkononi, na waraka huo uliandikwa Mlimani.

Timu yenyewe inafaa kutajwa. Mkuu wa upande wa utawala alikuwa Daniel Mkude, mtaalamu wa isimu. Upande wa taaluma ulikuwa chini ya Penina Mlama, ambaye wasomaji wa tamthilia za Kiswahili wanamjua zaidi kwa jina la Penina Muhando. Alikuwemo pia Tolly Mbwette, mhandisi, ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu Huria. Mwanaisimu, mwandishi wa tamthilia na wahandisi wawili: hakuna hata mmoja aliyesomea uendeshaji wa mashirika, na pengine ndiyo maana walilazimika kuuliza maswali ya msingi. Luhanga na wenzake waliandika kitabu juu ya uzoefu huo mwaka 2003, na mwenyewe akaandika kingine mwaka 2009 baada ya kustaafu uongozi.

Chukua mfano wa chakula, maana hapo ndipo mageuzi yalipomgusa kila mtu. Zamani mwanafunzi wa Mlimani alikula bure. Alipanga foleni kwenye kafeteria, akapokea sahani, na nyuma ya dirisha lile kulikuwa na jiko la chuo, wapishi waajiriwa wa chuo, bohari, magari ya kuleta vyakula, wakaguzi wa bohari, na malalamiko ya kila siku kuhusu nyama iliyopungua. Makamu Mkuu wa Chuo mwenye shahada ya uzamivu alijikuta akisuluhisha ugomvi wa maharage. Sera ya uchangiaji gharama ilipoanza mwaka 1992, na mafungu ya chakula yakaondolewa mikononi mwa chuo hatua kwa hatua, majiko yakakodishwa kwa watu binafsi. Mwanafunzi akapewa hela badala ya sahani. Ulinzi na usafi vikafuata njia hiyohiyo: zabuni, mkataba, kampuni.

Kwa upande wa hesabu za chuo, ulikuwa ushindi. Kwa familia za wapishi na wafagiaji waliopunguzwa kazi ilikuwa habari nyingine. Redandasi ni neno ambalo mtu mzima yeyote aliyeishi Dar es Salaam miaka ya 1990 analijua bila kufafanuliwa, na Mlimani haikuwa na redandasi tamu kuliko ya viwanda vya Pugu Road.

Mabadiliko mengine yalikuwa ya kimyakimya lakini yenye uzito. Mwaka wa masomo uligawanywa mihula, mtihani ukaacha kuwa tukio moja la kutisha la mwisho wa mwaka. Kituo cha kompyuta kiligeuzwa kampuni inayojiendesha, UCC, ikatandaza mtandao na kufundisha umma. Matokeo yaliyokuwa yakibandikwa ukutani, watu wakisukumana kuyasoma, yalianza kuhamia kwenye mfumo wa kompyuta. Taasisi ya Ardhi ikajiunga mwaka 1996. Wasichana walifunguliwa mlango zaidi, hasa katika sayansi, kwa masomo ya awali ya kuwaandaa kabla ya kudahiliwa. Wanafunzi wenyewe walikwishapata tena chama chao, DARUSO, mwaka 1991.

Na chuo kikaangalia ardhi yake. Kilikuwa na eneo kubwa kando ya Barabara ya Sam Nujoma, lenye majani na mbuzi. Likakodishwa kwa kampuni ya Botswana, Turnstar, na mwaka 2006 likafunguliwa duka kubwa la kisasa ambalo leo kila mkazi wa jiji analijua: Mlimani City. Wengi wanaokwenda pale kununua viatu au kuangalia sinema hawana habari kwamba wako kwenye ardhi ya chuo kikuu na kwamba chuo kinapata mgawo wa mapato. Masharti ya mkataba ule yamewahi kuzua maswali makali bungeni na kwa wakaguzi. Ni haki kuuliza. Mali ni ya umma. Ila wazo lenyewe, la chuo cha umma kutumia ardhi yake kupata fedha isiyotoka Hazina, lilikuwa la kijasiri kwa wakati wake.

Gharama ya ushindi huu ililipwa vyumbani. Mpango wa Luhanga ulitaka wanafunzi waongezeke haraka, na njia rahisi ilikuwa kukubali kwamba chuo si lazima kimlaze kila anayesoma. Idadi ikapanda kwa kasi. Vitanda havikupanda hivyo. Hapo ndipo ulipokomaa utamaduni wa kubebana. Chumba cha wawili kinalala wanne, siku nyingine sita. Mwenye chumba halali analipia. Anayebebwa hana jina kwenye daftari lolote. Godoro lake hukunjwa alfajiri na kusukumwa uvunguni, ndoo yake inakaa kona ya bafu, na mlinzi au msimamizi wa bweni akigonga, yeye ni mgeni aliyekuja kuazima daftari. Hakuna mpango mkakati uliowahi kuandika neno kubebana, lakini bila kubebana mpango wenyewe ungekwama mwaka wa pili. Aprili 2017 Rais Magufuli, aliyesoma kemia palepale, alifungua mabweni mapya 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840 yaliyogharimu shilingi bilioni 10. Yalisaidia. Kubebana kumebaki.

Namna mageuzi ya Mlimani yalivyokuwa ya tahadhari inaonekana vizuri ukiyaweka kando ya majirani.

Makerere ilikwenda mbio zaidi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 ilifungua milango kwa wanafunzi wanaojilipia, ikaanzisha masomo ya jioni, na idara zikaachiwa sehemu kubwa ya ada zilizoleta. Wafadhili walishangilia, mishahara ilipanda, majengo yakapakwa rangi. Mamdani, mtoto wa Kampala aliyewahi kufundisha Mlimani, alikuja kuandika kitabu mwaka 2007 akieleza upande wa pili: idara zilianza kunyang'anyana kozi zinazouzika, kila kitivo kikabuni shahada yake ya utalii au mawasiliano, na utafiti ukakosa mwenyewe kwa sababu haukuleta ada. Hoja yake haikupendwa na wote, lakini hakuna aliyeweza kuipuuza.

Nairobi ilifuata mwaka 1998 na masomo sambamba, yale yanayoitwa moduli ya pili. Kwa muda mrefu yalikuwa chemchemi ya fedha, na vyuo vingine vya umma vya Kenya vikaiga, vikafungua matawi hadi juu ya maduka mijini. Chemchemi ilikauka ghafla kwa sababu ambayo haikuhusiana na vyuo hata kidogo. Wizi wa mitihani ya kidato cha nne ulipodhibitiwa mwaka 2016, waliopata alama za kuingia chuo kikuu walishuka kutoka zaidi ya 160,000 mwaka uliotangulia hadi chini ya 90,000. Karibu wote hao wakatosha kwenye nafasi za Serikali. Nani tena atajilipia? Vyuo vilivyokuwa vimeajiri, vimejenga na vimekopa kwa matarajio ya ada hizo vikabaki na madeni ya mishahara na makato ya pensheni yasiyopelekwa. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifuta vyeo na kuunganisha vitivo vyake kwa mkupuo. Jambo likafika mahakamani.

Mlimani nayo ilikuwa na masomo ya jioni na wanafunzi wa kujilipia, ila hawakuwahi kuwa mhimili wa bajeti kwa kiwango hicho. Baadhi ya watu huita hiyo busara. Wengine husema ni woga uliosadifu kuwa na faida. Vyovyote iwavyo, Mlimani iliendelea kuitegemea Serikali, na utegemezi huo ndio uliorudisha swali la zamani kwa sura mpya.

Kwa maana tangu katikati ya miaka ya 2000, mamlaka yalianza kuhama tena, safari hii kwa utaratibu na kwa heshima zote. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na hela ya mwanafunzi ikawa haipiti tena katika maamuzi ya chuo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 ilileta Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, yenye kusajili na kukagua programu. Muhimbili na Ardhi zikaondoka mwaka 2007 na kuwa vyuo vikuu kamili; Chang'ombe na Mkwawa vikabaki kama vyuo vikuu vishiriki vya ualimu. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2010, hata udahili ulifanywa na mfumo mmoja wa TCU, chuo kikaletewa orodha. Mfumo huo uliachwa mwaka 2017, vyuo vikarudishiwa kazi ya kupokea maombi.

Wanafunzi waliihisi hamahama hii mapema. Mkopo ulipochelewa, waliandamana hadi jengo la utawala kama walivyofanya kaka zao, wakakuta mkuu anayewasikiliza hana fungu la kuwapa. Bumu lilikuwa mikononi mwa ofisi nyingine, mbali na kilima. Mwaka 2007 na 2008 migomo ya mikopo ilivuruga masomo Mlimani na kwingineko. Wengi walirudishwa nyumbani kwa ugomvi ambao chuo hakikuwa na uwezo wa kuumaliza.

Leo mwanafunzi anayetaka kulipia chumba haendi tena dirisha la mhasibu na noti mkononi. Anafungua akaunti yake kwenye mfumo, anaomba kontroo namba, analipa kwa simu, na fedha inapita kwenye mfumo wa malipo wa Serikali. Hakuna risiti feki, hakuna mhasibu anayesema rudi kesho. Ni hatua nzuri, asiyekubali amesahau foleni za zamani. Lakini mfumo uleule unaomsaidia mwanafunzi unamaanisha kwamba mapato ya ndani ya chuo yanaonekana Hazina shilingi kwa shilingi, na matumizi yake yanafuata taratibu za Hazina. Vilevile ajira. Idara ikipoteza mhadhiri kwa kustaafu, haitangazi nafasi kesho yake. Inasubiri kibali kutoka upande wa Utumishi. Miaka ajira za umma zilipositishwa, kuanzia 2016, kuna idara zilizoona wazee wakiondoka bila vijana kuingia, huku madarasa yakizidi kujaa. Rasi wa ndaki anaweza kuwa na mpango mzuri kabatini. Asichokuwa nacho ni uwezo wa kumwajiri mtu wa kuutekeleza.

Ni vigumu kumlaumu mtu mmoja. Hakuna aliyetuma askari, hakuna aliyefukuzwa Ikulu. Kila utaratibu una sababu nzuri: kuzuia wizi, kudhibiti watumishi hewa, kulinda ubora. Ukizijumlisha, hata hivyo, unapata chuo ambacho Baraza lake lina jukumu kubwa kisheria na uhuru mdogo kifedha. Enzi za Luhanga kinyume chake ndicho kilichofanya mambo yaende. Baraza na Seneti viliketi, vikabishana, vikaamua kipi kikatwe na kipi kikuzwe, na wenye fedha wakakubali kugharamia uamuzi wa chuo. Makosa yalikuwepo, na kubebana ni mojawapo, lakini yalikuwa makosa yenye mwenyewe wa kuulizwa.

Jaribio linalofuata limekwishaanza. Mradi wa kuimarisha elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, unaojulikana kwa kifupi HEET, ulipitishwa mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, na vyuo vya umma karibu nchi nzima vimo. Kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi unajumuisha matawi mapya Kagera na Lindi, mikoa ambayo vijana wake kwa miongo mingi walilazimika kupanda basi hadi jijini kutafuta shahada. Mkopo huo unajenga madarasa, maabara na mabweni. Mishahara ya watakaofundisha humo itatoka Hazina, na vibali vya kuwaajiri vitatoka Utumishi.